Bi Nimekaa: Miaka Thelathini na Tatu Kando ya Mshipa

Ijumaa ya tarehe ishirini na saba mwezi uliopita, saa kumi kasoro dakika tano jioni, muuguzi wetu mwandamizi wa Chumba Namba Sita alivua koti lake la kazi, akalikunja, akatoka. Alikuwa ameitumikia hospitali hii miaka thelathini na tatu, miezi minne na siku kumi na moja. Hizo siku kumi na moja amesisitiza mwenyewe niziandike, maana kwake yeye dozi haikadiriwi, inahesabiwa. Mimi nilikuwa humo humo chumbani, hatua nne kutoka mlangoni, na sikuinuka kumuaga. Sababu nitaieleza, na naomba msinihukumu kabla ya kufika huko.

Kamati ya sherehe ya leo ya kumuaga imenipa ukurasa mmoja na agizo kwamba maneno yawe ya furaha. Ukurasa mmoja umenishinda. Furaha nitajitahidi, ingawa wote mnanijua. Mimi ndiye yule nesi wa kiume wa Namba Sita ambaye mstaafu wetu alimpa jina la Wasiwasi tangu wiki ya kwanza, na ndiye niliyekabidhiwa stuli yake. Kwa hiyo mkinisoma mnisome kwa huruma.

Kwa wasioijua Namba Sita: ni kile chumba cha mwisho kwenye korido ya chini, baada ya maabara, chenye viti vinane vya kuegemea, madirisha mawili yanayotazama kamba za kuanikia mashuka, na harufu ya spiriti ambayo baadhi ya wagonjwa wetu wakiisikia hata dukani wanageuka wakatoka. Ndipo wagonjwa wa saratani wanapopewa dawa za mishipani. Yeye alipohamishiwa hapo akitokea wodi ya watoto, Namba Sita ilikuwa kitanda kimoja na pazia. Aliwasumbua wakubwa, akawaandikia, akawafuata hadi kwenye maegesho ya magari, mpaka vikaja viti, likaja kabati la kuchanganyia dawa lenye feni yake, yakaja magauni na glavu nene, na mwisho ikatoka amri kwamba muuguzi mjamzito asiziguse dawa zile wala mkojo wa aliyezitumia. Amri hiyo ilimchukua miaka mitatu ya kugombana. Wapo watoto wa wafanyakazi wenzetu, leo wako sekondari na wana midomo mirefu, hawajui kwamba kuna mtu aliwagombania kabla hawajazaliwa.

Dawa zote za chumba kile ni kali, lakini moja ndiyo inayotutoa jasho. Jina lake la kwenye chupa ni doksorubisini, ila humu ndani hakuna anayepoteza pumzi kulitamka. Tunaiita nyekundu, kwa sababu ndivyo ilivyo, nyekundu kama sharubati ya watoto. Imeokoa watu wengi, nisije nikaeleweka vibaya. Lakini haina masihara hata kidogo. Ikipita ndani ya mshipa inakwenda kupambana na uvimbe. Ikivuja nje ya mshipa, hata kidogo, inakula nyama ya mtu, na haiachi kwa siku mbili wala wiki mbili. Ngozi inageuka, kidonda kinachimbika, vidole vinakakamaa. Ndiyo maana pale kwetu muuguzi anaisukuma kwa mkono, taratibu, huku maji ya dripu yanakimbia kando yake, na kila baada ya kiasi kidogo anavuta nyuma aone kama damu inarudi. Damu ikirudi, sindano bado iko ndani ya mshipa. Isiporudi, au mgonjwa akisema panachoma, unaacha hapo hapo, husukumi hata tone la kubahatisha.

Kazi hiyo mstaafu wetu aliifanya amekaa. Stuli yake ya chuma mnaijua, ile ya duara, mguu wake mmoja umefungwa plasta ya hospitali. Akishaketi na bomba la sindano mkononi, haamki mpaka dawa yote imeingia na maji yamesafisha mshipa. Haamki kwa simu, haamki kwa bosi. Ukimwita anajibu neno moja tu, nimekaa. Wagonjwa wakaanza kumwita Bi Nimekaa, wahudumu wakafuata, na mwaka mmoja ikaja barua kutoka makao makuu imeandikwa kabisa Bi Nimekaa, Muuguzi Mwandamizi. Aliipokea, akaisaini, akaipeleka masijala.

Mwaka ule alipokuja mgeni mkubwa kuikagua hospitali, chumba kizima tulisimama. Hata mgonjwa mmoja mwenye dripu alijaribu. Bi Nimekaa alimpa mgeni mgongo. Mkurugenzi wa wakati huo akakohoa mara mbili, na yeye, bila kugeuza shingo, akasema shikamoo mheshimiwa, nimekaa. Mgeni akabaki nyuma yake dakika kumi na mbili nzima akitazama dawa ikiingia, na alipotoka aliwaambia wenyeji wake kwamba hospitali nzima ametembezwa, lakini pale ndipo alipoonyeshwa kazi. Mkurugenzi alichelewa kumsamehe, ila alimsamehe.

Siku nyingine binti yake alikuwa anajifungua, ghorofa mbili tu juu yetu. Simu ikaanza kulia mfukoni mwa Bi Nimekaa. Ikalia ikakatika, ikalia ikakatika, mara saba. Mgonjwa mwenyewe alimsihi apokee. Mimi nikanyoosha mkono nimtolee simu mfukoni, akanitupia jicho nikaurudisha mkono wangu mahali pake. Mjukuu alizaliwa wakati simu ya tano inalia. Alipomaliza na kuvua barakoa tuliona imelowa chapachapa, na mgonjwa akatuambia mkono wa mama yule haukutikisika hata mara moja.

Wafanyakazi wapya aliwafundisha kwa ukali, wagonjwa aliwafundisha kwa upole, na wote walitakiwa kurudia somo kwa mdomo wao. Nywele zitaondoka, zitarudi. Kichefuchefu kitakuja, vidonge vyake hivi hapa, umeze kabla hakijakuzidi. Mdomo ukichubuka, sukutua kwa maji ya chumvi na uje utuonyeshe. Kati ya siku ya kumi na ya kumi na nne kinga ya mwili inakuwa chini kabisa, kwa hiyo ukipata homa usimeze dawa ya homa ukalala ukidhani utaamka mzima. Njoo, hata kama ni sikukuu. Na ukienda haja ndogo leo na kesho utaona mkojo mwekundu. Si damu, ni dawa inapita. Vuta maji mara mbili, nawa mikono, usiogope.

Hilo la mkojo lilikuwa na historia yake. Miaka ya mwanzo, nesi mmoja wa zamu alisahau kumwambia dereva wa lori, baba wa miraba minne. Asubuhi yake baba huyo aliingia mapokezi mbio, ameshika chupa ya soda yenye kitu chekundu, akitangaza kwamba anakufa na watu wamtafutie mke wake. Ilichukua nusu saa kumtuliza, na mke alipofika akaanza yeye kulia upya. Wote walicheka baadaye. Bi Nimekaa alicheka pia, halafu akakaa akawaza. Aliona kwamba mtu aliyepata dawa zetu anaweza kusahau jina la dawa, akasahau jina la daktari, akapoteza kadi, lakini hakuna binadamu anayesahau siku mkojo wake ulipokuwa mwekundu.

Na kukumbuka huko kuna maana kubwa kuliko mtu anavyodhani. Nyekundu haisahauliki na moyo. Kila dozi inaacha alama yake, na mwili wa mtu una kiasi fulani cha maisha yake yote ambacho haufai kukipita. Ukikipita, moyo unaweza kuchoka, pengine mwezi ujao, pengine miaka kumi baadaye, na moyo uliochoka hivyo ni kazi ngumu kuurudisha. Kwa hiyo kabla ya dozi ya kwanza tunapima moyo, tunasoma faili, tunamuuliza mgonjwa kama amewahi kutibiwa popote. Bi Nimekaa aliongeza swali lake la mwisho, la kuuliza sindano ikiwa tayari na kabla tone moja halijaingia: mkojo wako umewahi kuwa mwekundu? Madaktari vijana walilicheka. Mfamasia wetu aliliita swali la chooni. Mimi pia, Mungu anisamehe, nililiona ni la kupoteza muda.

Kitu kingine tulichokicheka ni sare zake. Mtu nadhifu kama yule, viatu vinang'aa, saa imebandikwa kifuani sawasawa, halafu pindo la gauni lake la kazi limeshonwa mshono unaokwenda ukirudi, kana kwamba fundi alikuwa amepanda gari bovu. Gauni zote, miaka yote. Tulimtania abadilishe fundi. Tuliendelea kutania kwa sababu tulikuwa hatujui.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo Matroni aliniambia nisiliandike, na Bi Nimekaa akaniambia nisipoliandika asisomewe chochote.

Miaka miwili iliyopita shangazi yangu, dada yake baba, aligundulika na uvimbe kwenye titi. Shangazi huyo ndiye aliyenilea tangu darasa la tatu. Yeye ndiye aliyenipeleka chuo cha uuguzi akiwa ameshika begi langu yeye mwenyewe, akigoma nilishike, eti nitachafua shati. Nilimleta kwetu kwa mkono wangu. Fomu nikaijaza mimi. Kwenye kile kiboksi kinachouliza kama mgonjwa amewahi kupata dawa za saratani, niliandika hapana, na sikumuuliza. Ningemuuliza nini? Shangazi nimekaa naye nyumba moja, najua anapenda chai ya namna gani, najua goti lipi linamuuma mvua ikikaribia. Daktari alipomuuliza naye akasema hapana, nikaona mambo yamenyooka. Kipimo cha moyo kilirudi ndani ya mipaka, ukingoni kidogo, tukasema ni umri.

Asubuhi ya dozi ya kwanza nilimchagulia kiti cha dirishani. Mfamasia alileta bomba la nyekundu limejaa. Bi Nimekaa akakaa kwenye stuli, maji yanakimbia, damu imerudi vizuri, akaanza maswali yake. Nilimwambia dada, huyu ni wa nyumbani, nimeshamaliza kila kitu. Aliendelea kuuliza. Akafika swali la mwisho, akaliuliza kwa sauti ile ile anayomuulizia kila mtu.

Shangazi aliacha kutabasamu. Alitazama dirishani kwenye mashuka, halafu akanitazama mimi, na uso wake sijawahi kuuona vile.

"Mtoto wangu huyu atoke nje kwanza," alisema.

Nilitoka. Nikasimama koridoni nikichungulia kwenye kile kioo kidogo cha mlango. Niliona mdomo wa shangazi unakwenda. Nilimwona Bi Nimekaa akitikisa kichwa taratibu. Halafu nikaona kitu ambacho katika miaka yangu tisa pale ndani sikuwa nimekiona: Bi Nimekaa aliinuka kwenye stuli na bomba limejaa. Alikuja nalo mlangoni, jekundu tupu, halijapungua hata alama moja. Nilikaa chini pale pale, mbele ya foleni ya maabara, kwa sababu nilidhani shangazi amekufa.

Hakuwa amekufa. Miaka tisa kabla yake, mwaka ambao baba yangu alikuwa kitandani na sote tunamuuguza, shangazi aliaga kwamba anakwenda mji mwingine kumsaidia rafiki yake aliyejifungua. Alikaa miezi saba. Alirudi na nywele fupi, akasema joto la kule lilimshinda akanyoa. Kumbe alikuwa na saratani ya tezi za limfu. Alitibiwa kule peke yake, akalala nyumba ya kupanga, akapona, akarudi kutupikia. Hakutaka nyumba moja iwe na vitanda viwili vya wagonjwa. Baadaye akaona aibu kusema, na siku alipoulizwa na daktari, nami nimesimama kando yake na fomu yangu, aliogopa kwamba akisema atanyimwa tiba. Jina la dawa hakulijua. Lakini mkojo mwekundu aliukumbuka, mara sita. Mara sita za zamani, ukijumlisha na zile ambazo sisi tulikuwa tumempangia, zilikuwa zinampeleka juu ya kile kiasi ambacho moyo haufai kukipita. Na karatasi iliyosema hapana ilikuwa na mwandiko wangu.

Daktari alimbadilishia tiba, akapewa dawa nyingine zisizo na nyekundu ndani yake, na moyo wake unaangaliwa kila baada ya miezi sita. Mkimwona leo ukumbini, yule mama wa safu ya pili anayewaelekeza wapishi namna ya kupakua, ndiye huyo.

Mimi sikupona haraka hivyo. Niliandika barua ya kuomba kuhamia wodi ya macho, nikaikunja, nikawa natembea nayo mfukoni. Nikifika nyumbani nafungua faili kichwani, nauliza upya kila mgonjwa wa siku ile, nasahau kama nimevuta damu mara tatu au nne. Bi Nimekaa aliniacha wiki nzima bila kunisemesha. Siku ya nane alinikuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akafunga mlango, akashika pindo la gauni lake akaniletea karibu na uso.

Kila nesi mpya anayeingia Namba Sita husimuliwa habari ya nesi wa zamani aliyeinuka dakika moja. Aliitwa kusaini karatasi ya stoo, akamwachia mgonjwa mkono umenyooka na nyekundu iko katikati, akamwambia ni sekunde tu. Mgonjwa akajigeuza kidogo, sindano ikatoka kwenye mshipa, na kwa sababu alikuwa mtu mwenye haya hakupiga kelele kwamba panamchoma. Alikuwa fundi cherehani, na mkono ulikuwa wa kulia. Nimeisikia habari hiyo labda mara ishirini, na mara zote nilimlaani yule nesi.

"Yule nesi ni mimi," Bi Nimekaa aliniambia. "Na hizi ananishonea yeye, kwa mkono wa kushoto."

Alipopona saratani, fundi yule alirudi kujifunza upya kukata na kushona kwa mkono uliobaki. Bi Nimekaa alimfuata nyumbani kwake, akamwambia ukweli wote, akaomba msamaha, na fundi akamwambia alete kitambaa. Tangu siku hiyo hajavaa sare ya fundi mwingine. Sisi tukawa tunamcheka kwa miaka.

Nilimuuliza aliwezaje kurudi kwenye stuli. Niliogopa jibu lake litakuwa la kishujaa. Akasema hakuweza, alirudi tu, na mpaka leo akikaa moyo unamwenda mbio kwa dakika mbili za kwanza. Halafu akanyoosha mkono nimpe barua, akaisoma, akanirudishia.

"Siku wasiwasi ukikutoka, mdogo wangu, siku hiyo ndiyo uilete," alisema.

Barua bado ninayo. Miezi mitatu iliyopita Matroni alipotangaza kwamba stuli ninaachiwa mimi, niliipapasa mfukoni kikao kizima. Bi Nimekaa alinifanyisha mazoezi kama mtoto wa shule. Aliketi yeye kwenye kiti cha mgonjwa, akanyoosha mkono, akajifanya mkaidi, akajifanya kiziwi, akajifanya mwenye haya anayesema hapaumi huku pamevimba. Alinitajisha hatua za kufuata dawa ikivuja, hata akiwa anakula, akiwa anafunga viatu: acha kusukuma, usitoe sindano, vuta unachoweza kuvuta, kisha toa, weka ubaridi, inua mkono, ita daktari, andika saa. Nikikosea mpangilio tunaanza upya. Mhudumu wetu wa usafi, ambaye wala hahusiki, amezikariri zote na sasa ananisahihisha.

Nami nikawa najiuliza swali moja tu, kila asubuhi, nikinawa uso: akija mtu mwenye jina, mtu ambaye naambiwa sina haja ya kumuuliza, je, nitauliza? Kwa sababu mara ya kwanza sikuuliza, na aliyekuwa kwenye kiti alikuwa mama yangu kwa kila hali isipokuwa kuzaa.

Ijumaa ile ya mwisho, saa tisa na nusu, daktari wetu bingwa aliingia Namba Sita na mkwe wake, baba wa mke wake, mwalimu mkuu mstaafu aliyevaa tai. Koridoni watu walikuwa wameshakusanyika na maua ya kumuaga Bi Nimekaa. Yeye alikuwa kwenye kabati lake akitoa vitu, na nilimtazama nikitumaini atakuja kukaa, mara moja ya mwisho. Akaendelea kukunja taulo. Nikaketi mimi. Daktari akaweka faili mezani, akasema huyu ni wa nyumbani kwake, kila kitu amemuuliza mwenyewe, tuanze tu maana mzee amechoka na foleni.

Sindano ilikuwa tayari. Damu imerudi. Moyo ulinienda mbio kiasi kwamba niliusikia masikioni, ndani ya kofia ya kazi. Nilikuwa na daktari bingwa upande mmoja na mzee wa heshima upande mwingine, na swali lenyewe ni la mkojo, tena mbele ya mkwe wake. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Daktari, naomba utoke nje kidogo," nilisema.

Mfamasia aliacha kufunga kabati. Daktari alinitazama, akamtazama Bi Nimekaa aliyekuwa na taulo mkononi, na Bi Nimekaa hakumsaidia hata kwa nyusi. Akatoka. Nikamuuliza mzee. Alinikazia macho kana kwamba mimi ni mwanafunzi aliyepiga mluzi darasani, akasema katika maisha yake yote hajawahi kuulizwa hivyo na hajawahi kuona kitu kama hicho. Nikamuuliza tena, taratibu, kama amewahi kulazwa mji mwingine, kama amewahi kupewa dawa yoyote ya namna hii. Hapana, hapana. Jibu lilikuwa hapana, na safari hii lilitoka kinywani mwa mwenye mwili. Nikaanza kusukuma.

Nilikuwa nimefika nusu ya bomba wakati Bi Nimekaa alipovua koti. Nilimwona kwa pembe ya jicho akilikunja mara mbili, pindo lake bovu likiwa juu. Alibeba begi. Nje watu walianza kupiga makofi, na mimi mgongo wangu ulikuwa mlangoni, vidole viko kwenye bomba, macho kwenye mkono wa mzee. Nilivuta nyuma kidogo. Damu ikarudi. Nikasikia viatu vyake vimesimama mlangoni.

"Wasiwasi," aliita. "Mimi naondoka."

Mambo ya kumwambia nilikuwa nayo mengi, nilikuwa nimeyapanga wiki nzima. Machozi yalikuwa yanaingia kwenye barakoa.

"Nimekaa, dada," nilijibu.

Nilisikia mlango ukifungwa polepole, kama tunavyoufunga tusiwashtue wenye sindano, na makofi yakaenda naye mpaka mwisho wa korido. Mzee wa tai akaniuliza kama pua inaniwasha. Nikamwambia inaniwasha kidogo. Dozi iliisha saa kumi na dakika nne, mshipa umesafishwa, mkono uko salama, na ndipo nilipoinuka nikaenda dirishani nikakuta ameshapanda gari.

Kwa hiyo haya ndiyo maneno niliyopaswa kukwambia Ijumaa ile, dada. Kwa niaba ya Namba Sita, ya wagonjwa waliopona na ya wale ambao hawakupona lakini hawakuumizwa na mikono yetu, ya fundi ambaye leo ameketi karibu nawe, na ya shangazi, tunakushukuru. Mimi nakushukuru kwa swali la chooni. Stuli iko salama, plasta ya mguu nimeibadilisha. Wasiwasi bado upo wote, sijaupunguza. Tunakutakia siku ndefu na zenye afya, usingizi usio na mafaili, na mjukuu wa kukuchosha. Na simu ikilia sasa, dada, popote utakapokuwa, inuka uipokee.